Mama hanywi maji safarini kwa kuogopa kukosa choo

"Shikamoo. Mama yangu ana miaka 66, amekuja kututembelea Mtwara kutoka Dar. Tumepanga kukodi Noah tumtembeze siku tatu: Mikindani, Lindi mjini, mpaka Kilwa akaone magofu. Amekataa. Anasema hamalizi saa moja bila kwenda haja ndogo, na njiani vyoo hakuna. Nimekuja kugundua kwamba siku aliyokuja kwa basi hakunywa maji tangu usiku wake, na kidonge cha presha aliruka. Alifika hoi, na mkojo ulimuunguza siku mbili. Mke wangu anasema ni UTI ya choo cha stendi. Jirani anashauri tumnunulie antibiotiki ameze kabla ya safari ili ajikinge. Nimetafuta vyoo vya umma kwenye ramani ya simu kutoka hapa hadi Kilwa, naona patupu. Je, kuna orodha ya vyoo hivyo mahali? Na asipokunywa maji siku ya safari kuna ubaya gani?"

Marahaba, mwanangu. Umeuliza habari za vyoo, na nitakujibu. Lakini ndani ya swali lako kuna jingine ambalo hukuliuliza, nalo ndilo lililonishtua: kwa nini mama wa miaka 66 hamalizi saa moja? Choo kikipatikana kila kilomita tano, swali hilo litabaki palepale. Basi niruhusu nianze na mwili wa mama, vyoo vitafuata.

Hili la kujikausha ili usisumbuliwe na mkojo njiani ni mazoea ya wanawake wengi, na wala siwalaumu. Kutoka Dar hadi Mtwara ni kama kilomita 560, siku nzima ndani ya basi. Mwanamume akibanwa, konda anapiga bati, basi linasimama, watu wanaingia kwenye mikorosho "kuchimba dawa" na dakika tatu baadaye safari inaendelea. Mwanamke wa miaka 66 mwenye dera na magoti yanayouma anachimba dawa wapi? Likisimama hotelini, konda anatangaza "dakika kumi tu abiria", wanawake thelathini wanapanga foleni kwenye matundu mawili, na honi inapigwa kabla zamu yako haijafika. Kwa hiyo mama amepiga hesabu yake kimya kimya: nisipoingiza, sitatoa. Hesabu inaonekana nzuri, ila figo haziifuati.

Figo hazifungi duka. Hata usipokunywa tone, kuna taka kwenye damu ambazo lazima zitoke, na ili zitoke figo zinahitaji angalau nusu lita hivi ya mkojo kwa siku. Mwili ukikosa maji, figo zinabana: mkojo unakuwa kidogo, mzito, rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Mkojo mzito wa namna hiyo unaweza kukiwasha kibofu kwa ndani, na kibofu kinachowashwa hakingoji kijae. Cha mtu mzima kinaweza kubeba mililita 400 hadi 600, yaani zaidi ya chupa ndogo ya soda, na dalili ya kwanza ya kutaka kwenda huja kikiwa na mililita 150 au 200 tu. Kikiwashwa, kinapiga kelele mapema zaidi ya hapo. Ndiyo maana mtu anayejinyima maji anashangaa: mkojo wenyewe vijiko vitatu, lakini haja haimwachi. Anajinyima zaidi, kibofu kinawaka zaidi.

Sasa UTI. Mwambie mkeo kwa upole kwamba choo cha stendi hakina hatia katika kesi hii, hata kama kina makosa mengine. Bakteria wanaoleta UTI mara nyingi ni wale wanaoishi kwenye utumbo wa mtu mwenyewe, na mkubwa wao anaitwa E. coli. Mrija wa mkojo wa mwanamke una urefu wa kama sentimita nne, na mlango wake uko jirani na njia ya haja kubwa, kwa hiyo safari yao ni fupi. Hawaruki kutoka kwenye sinki la choo wakapanda juu. Mwanamke akishakoma hedhi ulinzi wa sehemu hizo unapungua zaidi, kwa sababu homoni iliyokuwa ikizilisha imeshuka. Weka juu ya hilo saa kumi za kubana mkojo bila kunywa kitu: bakteria wachache walioingia, ambao kwa kawaida wangesombwa na mkojo, wamepata bwawa lililotulia la kuzaliana. Kama ni maambukizi kweli, basi ukame na kubana vimechangia kuliko choo chenyewe.

Nimesema "kama", kwa sababu mkojo mzito peke yake unaweza kuunguza, na ukianza kunywa maji unaisha. Kipimo cha mkojo ndicho kitakachosema. Kama bado anasikia moto hata leo, msikodi gari kwanza. Nendeni kituo cha afya.

Antibiotiki ya "kujikinga" hapana. Dawa hiyo haimsubiri bakteria njiani kama askari wa barabarani. Ukimeza bila ugonjwa unaua bakteria wema na kuwaacha wakaidi, halafu siku anapougua kweli dawa hazishiki. Ukimeza nusu dozi kabla ya kupima, kipimo nacho kinadanganya. Jirani anamtakia mema, lakini duka la dawa si mahali pa kununulia bima ya safari.

Na kuna kosa la chooni ambalo wanawake tumefundishana kwa nia njema: kuning'inia. Choo ni cha kukaa, unaogopa kugusa, unasimama nusu mapaja yakitetemeka. Katika mkao huo misuli ya nyonga haiachii, mkojo unatoka nusu, nusu unabaki, na robo saa baadaye haja imerudi. Ngozi ya mapaja kugusa sinki haileti UTI. Afute, atandike karatasi kama roho haitulii, akae kabisa. Choo cha kuchuchumaa nacho ni kizuri kwa kumwaga kibofu, mradi achuchumae hadi chini. Kama magoti hayamruhusu, mkeo aingie naye amshike mikono yote miwili kutoka mbele. Akishamaliza asikimbilie kunyanyuka: ahesabu hadi ishirini, ainame mbele kidogo, ajaribu tena. Mara nyingi kuna kikombe kingine cha kahawa kimebaki. Kutawaza ni kutoka mbele kwenda nyuma, hilo nadhani analijua kuliko mimi.

Kidonge cha presha kinanitia wasiwasi kuliko yote. Sijui ni kipi, nawe hukutaja, kwa hiyo angalieni jina kwenye boksi. Dawa za presha ni za aina nyingi, na baadhi kazi yake ni kutoa maji mwilini kwa njia ya mkojo. Furosemide, wengi wanaiita Lasix, huanza kazi ndani ya saa moja na nguvu yake huisha baada ya kama saa sita. Hydrochlorothiazide na bendrofluazide huenda polepole na kwa muda mrefu zaidi. Kama mama anameza mojawapo saa kumi na mbili asubuhi halafu anapanda gari saa moja, hesabu mwenyewe mafuriko yatamkuta wapi. Dawa hiyo haiachwi, lakini muda wake mara nyingi unaweza kusogezwa siku ya safari: aimeze mkishafika, kama daktari wake ataridhia. Apigiwe simu aulizwe. Ni swali la dakika mbili, na madaktari hulisikia mara kwa mara. Kuna dawa nyingine, kwa mfano amlodipine, haitoi maji lakini inaweza kuvimbisha miguu. Miguu iliyovimba kutwa kwa kukaa kwenye kiti, usiku akilala maji yale yanarudi kwenye damu na figo zinayatoa. Ndiyo maana wazee wengi baada ya safari wanaamka mara nne usiku na kudhani wamepata baridi. Mkifika, alale chali miguu imeinuliwa kwenye mto nusu saa kabla ya chakula cha jioni, maji hayo yatoke mapema.

Kunywa maji, basi, anywe, ila kwa akili. Siku ya safari anywe glasi moja au mbili akiamka, yapite kabla ya kuondoka. Njiani apige funda dogo dogo, si chupa nzima kwa mkupuo. Mkifika mahali penye choo cha uhakika, anywe vizuri. Chai ya rangi na kahawa ziahirishwe hadi mfike, kwa sababu zinachokoza kibofu, soda vilevile. Na msimnunulie tikiti maji njiani mkadhani ni chakula. Akikojoa mkojo wa rangi ya maji ya ndimu, mko sawa.

Tuje kwenye vyoo. Orodha unayoitafuta hutaipata kwenye simu, na tatizo ni neno unalotafutia. Huku kwetu choo kinachosaidia wasafiri mara nyingi hakiitwi choo cha umma. Kimejificha nyuma ya kitu kingine. Kwenye ramani hiyo hiyo tafuta sheli, hoteli, gesti, msikiti, kituo cha afya, zahanati, stendi. Karibu kila alama utakayoiona ina tundu nyuma yake. Halafu panga vituo kwa makusudi, kila dakika 45 hadi saa nzima, msimame hata kama mama anasema hana haja. Mtwara hadi Lindi ni kama kilomita 110: mnaweza kusimama Mikindani, halafu Mingoyo pale njia panda ya Masasi, kisha Lindi mjini. Kutoka Lindi kwenda juu kuna Mchinga, kuna Kiranjeranje, halafu Nangurukuru ambapo mnaiacha barabara kuu kwenda Kilwa Masoko. Hivyo ni vipande vya safari ambavyo hata kibofu kikorofi kinavimudu, ilimradi mama ajue tangu mwanzo kwamba kituo kinachofuata kipo. Hofu yenyewe inaleta haja. Mara ngapi umebanwa zaidi unapotafuta ufunguo mlangoni kwako?

Kabla ya kumteremsha mama, mkeo ashuke kwanza akakague. Choo cha sheli au cha mgahawa mara nyingi kina kufuli, na ufunguo uko kwa mhudumu, umefungwa kwenye kipande cha ubao ili mtu asiondoke nao. Si vizuri mzee afike mlangoni akiwa amebanwa ndipo utafutaji uanze. Aangalie maji yapo, kopo lipo, sakafu haitelezi, komeo linafunga. Stendi utalipa shilingi 200 au 300, pengine 500; tembeeni na sarafu, mlinzi wa choo asubuhi hana chenji. Kwenye gari wekeni chupa mbili za lita moja na nusu, moja ya kunywa na moja ya kutawaza, na hiyo ya pili fungeni kitambaa shingoni. Nimewahi kuona zikibadilishana, na aliyekunywa alikuwa mimi.

Msikitini ulizeni upande wa wanawake, maana si kila msikiti unao. Zahanati haimfukuzi mzee. Na pasipo na lolote kati ya hayo, kuna nyumba za watu. Mpige hodi, asimame mkeo na mama, wewe ubaki kwenye gari. "Shikamoo mama, tuna mzee safarini, tunaomba msaada wa choo." Sijawahi kuona nyumba huku Kusini ikimkatalia mzee jambo hilo, kinachotokea zaidi ni kutolewa kigoda na kuulizwa ukoo wako. Kitakuwa choo cha shimo uani, kimezungushiwa makuti, pengine safi kuliko cha stendi.

Kwa kuwa gari ni lenu, kuna silaha moja ambayo abiria wa basi hana. Nunueni ndoo ya plastiki ya lita 10 yenye mfuniko, ngumu ya kuweza kukaliwa. Kanga mbili za kuziba vioo, wanaume washuke watembee, mkeo abaki naye. Mama atakataa kuisikia. Iwekeni nyuma bila kuijadili. Nimeona wengi ambao ndoo ile hawakuigusa safari nzima, ila kwa sababu tu walijua ipo, haja haikuwasumbua. Pedi kubwa, au pampasi za watu wazima, nazo si aibu kwa saa zile ngumu, lakini abadilishe ikilowa. Ngozi ya mzee inachubuka upesi.

Saa ngumu kuliko zote ni za Kilwa Kisiwani. Kibali mnakata Kilwa Masoko kabla ya kuvuka, na mnavuka kwa boti au jahazi. Kwenye chombo hakuna choo. Kisiwani mnatembea kwa miguu juani, na kutoka Msikiti Mkuu hadi magofu ya kasri la Husuni Kubwa si jirani. Mama aende choo Masoko dakika ya mwisho kabla ya kushuka ufukweni, kwa ile namna ya kujaribu mara mbili. Mwulizeni anayewapa kibali pamoja na mwongoza wageni, kabla ya kulipa, choo gani kiko wazi kisiwani siku hiyo na kiko umbali gani na njia ya magofu. Mkiona umbali hauwezekani, mwacheni aone Msikiti Mkuu arudi, Husuni Kubwa haitahama. Ajabu ni kwamba kwenye kisiwa jirani, Songo Mnara, miaka 600 hivi iliyopita wenye nyumba za mawe walikuwa na vyoo ndani ya nyumba. Mwambieni mama, atacheka.

Kuna jambo moja la kumfundisha kuanzia leo, halina gharama. Haja ya ghafla huja kama wimbi: inapanda, inafika kileleni, inashuka. Kosa ni kukimbia ikiwa kileleni, maana hapo ndipo matone yanatoka. Asimame au akae, abane misuli ile ya kuzuia upepo mara tano sita upesi upesi, avute pumzi, angoje wimbi lishuke, ndipo atembee taratibu kwenda chooni. Misuli hiyo hiyo aifanyie mazoezi kila siku: abane akihesabu hadi tano, aachie, mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Matokeo huonekana baada ya wiki nane hadi kumi na mbili, kwa hiyo hayatawafaa wiki hii, yatamfaa mwakani. Na nyumbani apunguze tabia ya kwenda kila nusu saa "nisije nikabanwa". Kibofu kinachozoeshwa kumwagwa kikiwa robo kinasahau kubeba zaidi. Asogeze dakika kumi na tano, wiki ijayo nyingine kumi na tano.

Lakini hayo ya mazoezi ni baada ya kupimwa, na hapa narudi kwenye swali ambalo hukuliuliza. Kwenda kila saa, kwa umri wake, kunahitaji kipimo cha mkojo na cha sukari kabla ya mengine yote. Sukari ikizidi kwenye damu inamwagika kwenye mkojo na kuvuta maji pamoja nayo, ndipo mtu anakojoa sana na kiu haiishi. Kipimo cha kidole asubuhi kabla hajala kikisoma 7.0 (mmol/L) au zaidi, asiondoke hapo bila kuonana na daktari. Kama amekulia huku kwetu, akioga na kufua kwenye mabwawa na mito, atajeni kichocho pia. Kile cha mkojo kipo Lindi na Mtwara tangu zamani, kinaharibu kibofu polepole, na dawa yake ipo. Damu kwenye mkojo, hata mara moja na hata bila maumivu, ni ya hospitali. Homa na maumivu ya kiunoni ubavuni, kutapika, kuchanganyikiwa ghafla, au kushindwa kabisa kukojoa huku tumbo la chini limejaa, hivyo havingoji asubuhi.

Usimuulize wewe. Mama hatamweleza mtoto wa kiume mambo ya mkojo wake, atakuambia "niko salama mwanangu" na mazungumzo yataishia hapo. Mwachie mkeo, au dada yako, jioni wakiwa wanachambua mchicha.

Vipimo vikiwa vizuri, msianze na Kilwa. Anzeni na Mikindani, kilomita kama kumi tu kutoka kwako. Mpelekeni saa tisa alasiri jua likianza kupoa, akaone boma la Wajerumani la mwaka 1895, atembee zile nyumba za zamani karibu na maji. Glasi ya maji saa saba, choo kabla ya kutoka, ndoo nyuma ya gari. Mkirudi, mkeo amwulize alibanwa mara ngapi na alikwenda mara ngapi. Kama namba ya pili ni ndogo kuliko ya kwanza, wiki ijayo nendeni Lindi.